Panya mmoja, vibali vinne: ni nini hasa kinachofanya utafiti wa wanyama wa maabara uwe ghali?

MtiShamba (Dar es Salaam)

Wakuu salaam.

Nasoma shahada ya uzamili upande wa famakolojia. Napima dawa ya mti shamba ambayo wazee wa kwetu wanaitumia kwa malaria, na kipimo ni kile maarufu cha siku nne: panya weupe wanaambukizwa vimelea vya Plasmodium berghei, wanapewa dawa siku nne, siku ya tano unahesabu vimelea kwenye damu. Kazi ya wiki moja. Ila tangu nipeleke andiko langu kwenye kamati ya maadili, muhula umekatika, wa pili unakatika, na panya hata mmoja sijamshika.

Kamati ya chuo ilipitisha, ikanituma ngazi ya juu. Kule nikaambiwa wanyama wana watu wao, nilete barua ya upande wa mifugo. Upande wa mifugo wakataka barua ya chuo kwamba banda la wanyama limekaguliwa. Ukiuliza banda linakaguliwa na nani, kila mtu anamnyooshea kidole mwenzake. Na kila dirisha lina fomu yake, ada yake, na maswali yale yale: panya wangapi, utawaua kwa njia gani, nani atawatunza.

Dai langu ni kwamba masharti haya tumeyabeba mzima mzima kutoka Ulaya na Marekani. Wenzetu wana ofisi nzima za kujaza hizo fomu. Sisi ni mwanafunzi na msimamizi wake tu. Matokeo yake wenzangu darasani wameacha wanyama, wamekimbilia dodoso. Wenye uzoefu, tatizo ni sheria au kuna kitu sikioni?

Fundi_wa_Banda

Pole mdogo wangu. Mimi ni mhudumu wa nyumba ya panya, kazi niliyoifanya tangu ujana. Karatasi inauma mara moja, banda linauma kila siku.

Panya wa maabara anataka joto la nyuzi 20 hadi 26. Mwongozo wa Marekani ambao kila mtu anaunukuu unasema hewa ya chumba ibadilishwe mara 10 hadi 15 kwa saa. Taa saa 12, giza saa 12. Sasa fikiria Dar mwezi wa pili, umeme umekatika saa nane mchana. Ukiingia chumbani unawakuta hawajalala kwa kujikunyata wala kurundikana, wamelala wamenyooka, kila mmoja mbali na mwenzake. Manyoya ya shingo na kifua yamelowa. Si maji ya chupa, ni mate, wanajipaka wenyewe wapate kupoa. Ukifika hapo una muda mchache wa kuwasha jenereta. Na dizeli yake haimo kwenye bajeti ya mwanafunzi yeyote niliyewahi kumhudumia.

Halafu maranda. Unaenda kwa fundi seremala unachukua gunia, rahisi. Lakini mbao nyingi za mafundi wetu ni msonobari, na harufu ile ya msonobari inachokoza ini la panya, linaanza kuvunja dawa haraka kuliko kawaida. Wewe unapima dawa! Utasema mti shamba haufanyi kazi kumbe ni matandiko. Maranda lazima yawe ya mti usio na harufu, yapitishwe kwenye otoklevu, ule mtambo wa mvuke wa kuua vijidudu, yakaushwe. Gharama hiyo haikuletwa na sheria, imeletwa na panya mwenyewe.

Masasi_Asilia

Kwetu Masasi panya hana kibali wala kiyoyozi. Ananaswa, anabanikwa, analiwa na ugali, na daktari haitwi. MtiShamba, njoo huku utamaliza shahada kabla ya mavuno.

MtiShamba

@Masasi_Asilia hahaha, mkuu hao si wa kwangu. Wa kwangu wanatakiwa wawe wa ukoo mmoja, umri mmoja na uzito unaokaribiana. Akitokea mmoja ameshaumwa kitu kingine porini, hesabu zote zimeharibika.

@Fundi_wa_Banda asante sana. La msonobari nalipeleka kwa msimamizi leo.

Sheria_na_Mifugo (Nairobi)

Habari zenu. Nataka kumpinga kidogo mwenye uzi kwenye hilo la kubeba kutoka Marekani.

Sheria ya kwanza ya majaribio ya wanyama huko Uingereza ni ya 1876, zamani mno kuliko ya Marekani. Wakoloni walikuja na fikra ile ile ya leseni. Hapa Kenya Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, sura ya 360, inadai leseni kwa anayemfanyia majaribio mnyama hai, na imekuwepo tangu miaka ya 60. Tanzania mnayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 yenye vifungu vya wanyama wa majaribio. Kwa hiyo hata Marekani ingefuta sheria zake zote kesho, fomu zenu zingebaki pale pale.

Kilicho kipya ni tabaka lililowekwa juu. Hapa kwetu sheria ya sayansi ya 2013 ikaleta NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na kila mtafiti lazima apate leseni yake. Kamati za maadili za taasisi zikaja na zenyewe. Hakuna aliyekaa akasema sasa hii mpya inachukua nafasi ya ile ya zamani. Zimepangwa moja juu ya nyingine. Mimi hapo ndipo naona mzigo. Ukiisoma sheria moja moja, hakuna iliyo nzito kiasi cha kumshinda mtu.

Mtoto_wa_Ujiji (Ohio)

Nimefanya kazi kwenye maabara za panya huku miaka kadhaa. MtiShamba usidhani huku wanajaza fomu wakicheka.

Watafiti wanaopata fedha za serikali kuu ya Marekani waliulizwa kwenye uchunguzi mkubwa 2005, 2012 na 2018. Muda wa utafiti unaoliwa na shughuli za kiutawala ulikuwa asilimia 42, kisha 42 tena, kisha 44. Karibu nusu! Kelele zilifika hadi bungeni, na sheria ya mwishoni mwa 2016, ile ya Cures, ikaziagiza NIH (taasisi za taifa za afya), wizara ya kilimo na FDA (mamlaka ya chakula na dawa) wakae wapunguze mzigo kwenye utafiti wa wanyama. Miaka mitano baadaye, 2021, wizara ya kilimo ikaondoa sharti la kila mradi kupitiwa upya kila mwaka, sasa ni mapitio kamili kila miaka mitatu. Mabadiliko madogo, miaka mitano.

Mwanzo wake ulikuwa mbwa. 1965 mbwa mmoja wa familia, Pepper, aliibwa akaishia hospitalini kwenye majaribio. Watu wakaona picha za mabanda ya wauza mbwa kwenye gazeti la Life, na 1966 sheria ikapita. Baadaye ikaja kashfa ya nyani waliokutwa katika hali mbaya kwenye maabara ya Silver Spring 1981, na marekebisho ya 1985 ndiyo yaliyoleta kamati ya wanyama katika kila taasisi. Kila tabaka lina kisa chake cha aibu.

Hesabu_Kali

@Mtoto_wa_Ujiji hizo asilimia 44 ni za utawala wote, siyo za wanyama peke yake. Humo kuna ripoti za fedha, manunuzi, mafunzo, kuandika maombi ya fedha. Usizipakie zote mgongoni mwa panya. Ni kweli kwamba wanaotumia wanyama waliitaja kamati ya wanyama miongoni mwa mizigo mikubwa, lakini hiyo ni hoja nyingine.

Kijana_wa_Mbezi

Kwa hiyo Marekani panya naye analindwa na sheria hiyo ya 1966? Basi wako mbali sana.

Mtoto_wa_Ujiji (Ohio)

@Kijana_wa_Mbezi hapana. Marekebisho ya 2002 yaliwatoa nje panya wadogo na wakubwa waliozalishwa kwa ajili ya utafiti, pamoja na ndege. Yaani wanyama walio wengi kabisa maabara hawahesabiki kuwa wanyama kwenye sheria ile. Ila ukipokea fedha za NIH unabanwa na sera nyingine ya afya ya umma, na hiyo inamgusa kila mnyama mwenye uti wa mgongo, hadi samaki.

Na hapo namrudia MtiShamba. Sera hiyo inafuata fedha. Taasisi ya Afrika Mashariki ikipokea fedha za NIH kwa kazi ya wanyama, inatoa ahadi ya maandishi kwamba itafuata viwango. Sheria ya Marekani haijafika Dar, lakini mfadhili amefika.

DktMifugo_Moro

Salaam wanajukwaa. Nimekaa kwenye kamati ya wanyama, na napenda nieleze upande wa pili wa meza maana naona tunapigwa mawe.

Wajumbe hatulipwi mshahara kwa kazi hiyo. Tunakutana tukitimia akidi, na akidi inahitaji daktari wa mifugo, mtu wa takwimu, na mtu wa nje ya taasisi. Mmoja akisafiri, kikao kimeahirishwa. Maandiko yanayokuja, nusu yake sehemu ya wanyama imenakiliwa kutoka kazi ya mtu mwingine. Naona sungura kwenye ukurasa wa nne, panya ukurasa wa saba.

Mwanangu MtiShamba, tukikuuliza kwa nini panya sita kwa kundi na siyo wanne au kumi, hatukuchezei. Ukiweka wachache mno, dawa yako inaweza kuwa nzuri na takwimu zisiione, panya wote wamekufa bure. Ukiweka wengi mno, umeua zaidi ya haja. Russell na Burch waliliandika hili 1959 kwa maneno matatu ambayo kila kamati inayatumia: badilisha, punguza, boresha. Badilisha mnyama kwa njia nyingine ikiwezekana, punguza idadi, boresha namna unavyomtendea.

Na kwenye kazi yako kuna jambo la kikomo cha mateso. Vimelea vya berghei vya aina ya ANKA kwa panya weusi vinapanda kichwani. Kuanzia siku ya sita hivi panya anaanza kuyumba, anaburuta miguu ya nyuma, anapata degedege. Andiko lako linasema utamwacha hadi afe ili upate siku za kuishi, au utamuua bila maumivu akionyesha dalili gani? Nani atakuja kumwangalia saa nne usiku siku ya Jumamosi? Mengi ya maandiko hayasemi. Tunayarudisha, na mwanafunzi anaandika kuwa kamati inachelewesha.

MtiShamba

@DktMifugo_Moro shikamoo mama. Hayo ya kikomo nimeyaandika kwa kirefu, na swali la idadi nililijibu kwa hesabu. Sina ugomvi na swali. Ugomvi wangu ni kulijibu mara nne kwenye ofisi nne ambazo hazisomi majibu ya mwenzake, na kila jibu lina ada. Kama kamati yenu ina daktari wa mifugo, mtakwimu na mtu wa nje, ofisi inayofuata inaongeza macho gani?

DktMifugo_Moro

Marahaba. Hapo tuko pamoja. Mimi ningetaka kibali cha kamati yenye sifa kitambuliwe na wote. Lakini wengine wanasema kamati nyingine ni muhuri tu, na siwezi kukataa kwamba zipo.

Katuku_LSHI (Lubumbashi)

Jambo ndugu zangu. Nafurahi kuona Plasmodium berghei hapa, maana ni mtoto wa kwetu. Kilipatikana hapa Katanga 1948, Vincke na Lips walikitoa kwa panya wa porini. Leo kiko maabara dunia nzima, kinapima dawa za malaria kila mahali. Sisi tuliokitoa, chuo chetu kikitaka kukifanyia kazi lazima kiagize panya weupe na kimelea chenyewe kutoka ng'ambo. Tafadhali mtu anieleze gharama hiyo inaingia kwenye sheria gani.

Hesabu_Kali

@Katuku_LSHI umenigusa. Mimi ni mhasibu wa miradi, nikuonyeshe inavyokuwa kwenye vitabu.

Mnyama mwenyewe, bei yake ni ndogo. Kinachokuja juu yake ni sanduku maalum la kusafirishia, nafasi kwenye ndege, cheti cha afya cha kule, kibali cha kuingiza cha huku, wakala wa forodha wa kugomboa mzigo. Kisha mzigo ukikaa uwanjani mwishoni mwa juma kwa sababu anayesaini hayupo, unapokea sanduku la mizoga na deni liko pale pale. Nimeshafunga vitabu vya namna hiyo. Baada ya hapo wanakaa karantini, wanakula na hawafanyi kazi. Na fedha za mradi ziliombwa kwa shilingi, bei za mwuzaji ni dola.

Kwa hiyo kwa mtazamo wangu tatizo namba moja ni kwamba hatuna shamba moja kubwa la kuzalisha panya safi kwa Afrika Mashariki nzima. Kila chuo kina chumba chake, kiyoyozi chake, jenereta lake, na panya waliozaana wao kwa wao hadi hakuna anayejua ni ukoo gani. Sheria au bila sheria, huwezi kupata unafuu wa wingi kwa namna hiyo.

Fundi_wa_Banda

@Hesabu_Kali hapo umesema. Mimba ya panya ni siku 19 hadi 21, na kuachisha watoto ni wiki tatu. Wanazaa haraka mno kuagiza kila mara. Lakini mwenye shamba hilo atalipwa na nani miezi ambayo hakuna mwanafunzi anayehitaji? Panya hawasubiri mwaka wa fedha.

Kamau_Ruaka

Na ndege zenyewe zinakataa siku hizi. Si mnakumbuka KQ (Kenya Airways) na wale nyani wetu wa Karen waliopinduka na lori huko Amerika?

Sheria_na_Mifugo (Nairobi)

@Kamau_Ruaka la, hawakuwa wa Karen. Taasisi ya nyani iliyoko Karen, aliyoianzisha Louis Leakey 1960 kule Tigoni, hufanya kazi na nyani wa Kenya na tumbili. Wale wa lori walikuwa kima wa Asia wenye mkia mrefu, walitoka mashamba ya Mauritius. KQ iliwafikisha New York, na lori lililowabeba 100 likapata ajali Pennsylvania Januari 2022. Wachache wakatoroka msituni kwenye theluji. Watetezi wa wanyama wakaibana KQ, nayo ikatangaza kwamba mkataba ule ukiisha haitauhuisha.

Hapo sheria haikubadilika hata kifungu kimoja, ila njia ya kusafirishia ilifungwa. Na China nayo ilifunga mauzo ya kima 2020, wakati wa korona. Bei ya mnyama mmoja kwa maabara za Marekani ikaruka mara kadhaa. Kwa hiyo kwenye orodha ya MtiShamba ongezeni soko na shinikizo la umma. Ni gharama zisizo na fomu.

Bi_Shangani (Unguja)

Assalaam alaykum. Nimesoma uzi wote na nashangaa hakuna aliyeuliza kama hao wanyama wanahitajika. FDA yenyewe ya Marekani, sheria ya Desemba 2022 imeondoa lile sharti la lazima la kupima dawa kwa wanyama kabla ya binadamu. Na 2025 wakatangaza mpango wa kupunguza wanyama kwenye dawa za kingamwili. Wenye sheria wanaondoka huko, sisi ndio kwanza tunataka kujenga mashamba ya panya? Hawa ni viumbe vya Mwenyezi Mungu, wana roho na wanaumwa. Mimi naona ada kubwa na fomu nyingi ni jambo jema, zikimfanya mtu afikiri mara mbili.

Mtoto_wa_Ujiji (Ohio)

@Bi_Shangani waalaykum salaam dada. Sheria hiyo imeruhusu njia nyingine, haikukataza wanyama. Na tukumbuke sharti lile lilitoka wapi. 1937 huko Marekani kampuni moja iliyeyusha dawa ya salfa kwenye kimiminika kitamu bila kukipima sumu. Zaidi ya watu 100 wakafa, wakiwemo watoto. Kimiminika kilikuwa diethilini glaikoli. Mwaka uliofuata, 1938, sheria ikadai usalama uthibitishwe kwanza. Na sumu hiyo hiyo ilihusishwa na dawa za kikohozi za Gambia 2022, watoto wadogo wakafa kwa figo.

Bi_Shangani (Unguja)

Allah awarehemu watoto wale. Lakini kaka, Gambia walikosa nini? Sumu ile inajulikana tangu 1937. Kilichokosekana ni mtu wa kupima chupa ya kiwanda kwa mashine ya kemia. Panya hata elfu wasingewaokoa.

DktMifugo_Moro

Bi Shangani kwa Gambia uko sahihi kabisa. Ila kuna maswali ambayo chupa ya maabara haijibu. Pale Entebbe 1947 waliweka kima kwenye majukwaa juu ya miti ya msitu wa Zika wakitafuta homa ya manjano. Kima namba 766 akapata homa, damu yake ikadungwa kwenye ubongo wa panya weupe, panya wakaugua, ndivyo kirusi cha Zika kilivyojulikana. Leo kamati yangu isingepitisha namna ile ya kumfunga mnyama juu ya mti. Na bado ujuzi ule tunautumia. Mambo yote mawili nayabeba pamoja na hayaniachi kwa urahisi.

Kijana_wa_Mbezi

Na wale panya wa Morogoro wanaonusa mabomu na TB? Nao wana kamati?

DktMifugo_Moro

Panya buku wa APOPO, shirika linalowafundisha kunusa, wako hapa chuo kikuu cha kilimo, SUA, tangu 2000. Hao wanafundishwa, hawaambukizwi wala kupasuliwa. Magawa aliyepewa nishani ya dhahabu Uingereza 2020 alinusa mabomu ya kutegwa ardhini 71 kule Kambodia, akastaafu, akafa kwa uzee 2022. Mafunzo ya panya mmoja ni miezi tisa hivi, na katika muda huo hakuna anayethubutu kumhudumia ovyo, kwa sababu panya mwenye hofu hanusi kitu. Ndiyo maana siamini kwamba ustawi wa mnyama ni gharama ya juu tu. Panya wa maabara naye akiwa na hofu, homoni zake zinabadilika, na takwimu zako nazo zinabadilika.

Mwakaleli_London

Wadau, huku Uingereza sheria ya 1986 inataka leseni tatu: ya mtu, ya mradi, na ya jengo. Inasikika nyingi, lakini zote zinatoka wizara moja. Ya mtu unaipata baada ya mafunzo, haikusumbui kila mradi. Ya jengo ni ya taasisi, mwanafunzi hahusiki. Wewe unabaki na ya mradi tu. Mwaka 2023 zilifanyika taratibu za majaribio zipatazo milioni 2.68 chini ya mfumo huo, kwa hiyo haukuua utafiti. Swali la MtiShamba la banda linakaguliwa na nani, huku mwanafunzi haulizwi kamwe.

Hesabu_Kali

@Mwakaleli_London lakini huko mfadhili analipa sehemu ya jengo kupitia gharama za jumla za chuo. Huku wafadhili wengi wanataka kila shilingi iende kwenye kazi ya uwanjani. Nani atalipia mkaguzi wa jengo?

Kamau_Ruaka

Halafu msisahau gharama ya kutofuata. Kampuni ya Envigo huko Virginia ilifuga mbwa wa maabara kwa hali mbaya mpaka serikali ikawachukua beagle kama 4,000 mwaka 2022. 2024 ikakiri kosa mahakamani, na jumla ya malipo ikazidi dola milioni 35. Hiyo pesa ingejenga mabanda mangapi?

MtiShamba

@Mwakaleli_London hilo la kutenganisha mtu, mradi na jengo ndilo nilikuwa natafuta maneno ya kulisema. @Kamau_Ruaka sawa, lakini kampuni ina pesa ya kulipa faini. Mimi muda ukiniishia nafutwa usajili tu.

Laibon_Longido

Habari za kazi wasomi. Mimi ni mfugaji, nimeingia kwa sababu nimeona neno mifugo. Swali langu, hii chanjo ya ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe unaoletwa na kupe, mbona bei haishuki? Nayo ni hizi fomu?

Sheria_na_Mifugo (Nairobi)

@Laibon_Longido mzee, chanjo hiyo yenyewe ni kazi ya wanyama kutoka mwanzo hadi mwisho. Ilitengenezwa Muguga hapa karibu na Nairobi. Ng'ombe anaambukizwa, kupe wananyonya damu yake, kisha kupe wanasagwa, na supu yao inagandishwa. Ndani kuna aina tatu za vimelea vya ugonjwa huo, Muguga, Kiambu na ya Serengeti. Ni vimelea hai, kwa hiyo mwenye kuchanja anadunga pia antibiotiki ya oksitetrasaikilini siku hiyo hiyo ili ndama asife. Kila toleo jipya linataka ng'ombe wa kuambukiza, na wengine wa kulipima kabla halijafika kwako, pamoja na kibali cha hao ng'ombe.

Hesabu_Kali

Tena inasafiri kwenye mtungi wa naitrojeni ya kimiminika kutoka kiwandani hadi bomani. Mtungi ukiishiwa njiani, kila kitu kimekufa. Kwa hesabu yangu naitrojeni na gari vinazidi fomu.

DktMifugo_Moro

Na kuna jambo la mrija. Mrija mmoja una dozi 30 hadi 40. Ukishayeyushwa lazima utumike ndani ya saa chache, haurudishwi kwenye baridi. Mfugaji mwenye ndama watano analipia dozi nyingi za kumwaga, au mchanjaji anakataa kuja mpaka idadi itimie.

Laibon_Longido

Asante daktari, sasa nimeelewa kwa nini yule kijana wa chanjo anatuzungusha kila mwezi. Ndama wangu hawafiki robo ya mrija. Walio upande wa Longido na Namanga wenye ndama wa miezi mitatu kwenda juu, tuandikiane hapa hapa, tutimize mrija mmoja kabla mvua hazijaanza.